Embe Kizimbani

Msimu wa maembe ukiingia pwani, hakuna baraza isiyokuwa na kokwa. Watoto hula wamesimama, hula wamekaa, hula wamepanda ukutani. Maji ya embe huteremka mpaka kiwikoni, na kanzu ya chuoni huharibika kabla ya adhuhuri. Siku hizi, pembeni mwa karamu hiyo, mara nyingi huwapo bibi aliyeambiwa kliniki kwamba ana sukari. Akimwona mjukuu anashika embe la tatu, humwita kwa utani uleule wa miaka yote: "Mume wangu, hebu njoo. Lete hilo embe. Sukari tupu hiyo, itakuja kukutesa kama inavyonitesa mimi."

Mtoto hulitoa embe, ila huku analilamba.

Bibi hasemi hivyo kwa uchoyo. Anasema kwa mapenzi na kwa woga, na woga wake umepata nguvu kutoka kwenye lugha yenyewe. Kwa Kiswahili, kitu kilichomo koponi jikoni na maradhi yaliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki vina jina moja. Mtu "ana sukari", sukari "imempanda", fulani "amekatwa mguu kwa sukari". Malaria haikupewa jina la mbu, wala kipindupindu hakikuitwa maji. Lakini maradhi haya yamebebeshwa jina la chakula, na tangu hapo kila kitamu kimeingia kwenye orodha ya washukiwa. Embe ni tamu, utamu ni sukari, sukari ni maradhi. Basi embe limo kizimbani, na mtoto aliyelishika ni mshirika wake.

Mashtaka yana tarakimu. Embe la wastani likishamenywa na kutolewa kokwa hubaki na nyama ya gramu 200 hivi, na ndani yake mna sukari kama gramu 27. Katika kila gramu 100, ndizi mbivu ina gramu 12 hivi, nanasi 10, chungwa 9, papai 8, tikiti maji 6. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,400 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 17 na nusu. Mzazi anayejua hesabu akiziweka tarakimu hizo bega kwa bega, lazima ashtuke: embe moja limeshavuka mpaka, na chai ya asubuhi bado haijatiwa chochote.

Hesabu ni sahihi. Kosa liko kwenye kitu kinachohesabiwa. Mwongozo ule unazungumzia sukari huru, yaani ile inayotiwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na iliyomo katika asali, shira na juisi za matunda. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo, wala iliyo ndani ya maziwa. Haikusahauliwa, iliachwa makusudi, kwa kuwa waandishi wa mwongozo hawakukuta ushahidi kwamba inadhuru.

Hapo ndipo swali linapotoka mikononi mwa tabibu. Glukosi ni glukosi na fruktosi ni fruktosi. Mkemia akiipima iliyo embeni na iliyo kwenye bilauri ya juisi hataona tofauti. Vipi basi kitu kilekile kiwe hakihesabiwi kikiwa ndani ya ganda, na kihesabiwe kikishakamuliwa? Ama shirika limejichanganya, ama tunda ni kitu kingine zaidi ya jumla ya vilivyomo ndani yake.

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio ambalo sehemu yake mtu anaweza kuirudia jikoni kwake. Waliwapa watu 10 matufaha kwa sura tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, sukari ikiwa kiasi kilekile katika zote. Juisi ilimalizika kwa kasi mara 11 kuliko tunda zima. Waliokula tunda walishiba kuliko wote, na waliokunywa juisi walishiba kidogo kuliko wote. Juisi pia iliipandisha insulini juu kuliko tunda, halafu sukari ya damu ikaporomoka chini ya pale ilipoanzia. Sukari ileile, kwa kiasi kilekile, ilifanya kazi tofauti mwilini kwa sababu ya mpangilio wa kilichoibeba.

Mpangilio huo si fumbo. Sukari ya tunda imefungiwa ndani ya seli, na kuta za seli ni nyuzinyuzi. Meno huvunja baadhi ya kuta, tumbo huvunja nyingine polepole, na sukari hutoka kidogo kidogo kama watu wanaotoka msikitini kwa mlango mmoja. Chujio hutupa kuta zote jalalani na kuufungua uwanja. Bilauri ya mililita 250 ya juisi ya machungwa hutaka machungwa matatu au manne. Mtoto wa miaka minne akiwekewa machungwa manne mbele yake, la tatu atalifanya mpira. Akipewa bilauri, ataimaliza kwa pumzi moja na kuomba nyingine.

Waswahili wana jambo lao hapa ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Muuza machungwa wa barabarani humenya ganda la nje kwa kisu, likatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, kisha hukata kifuniko juu. Mlaji hubinya, hunyonya, hubinya tena, na mwisho hutupa makapi meupe mtaroni. Mkononi alishika tunda; tumboni kimeingia kitu kilicho karibu sana na juisi. Machungwa ya Muheza yaliyobebwa na malori usiku kucha huishia hivyo, nyuzinyuzi zake zikiwa riziki ya mbuzi. Anayemkatia mtoto chungwa vipande akalitafuna na nyama yake amefanya tofauti kubwa, na hakutumia hata senti.

Tukiliangalia tunda kwa namna hiyo, tunaona kwamba halikuja peke yake. Limekuja na kipimo chake. Ganda linachelewesha mkono. Kokwa linachukua nafasi. Ufumwele unakwama menoni. Msimu unakwisha, na maembe yakaondoka kabla mtu hajayachoka. Binadamu ameviondoa vipimo hivyo kimoja kimoja, kwa chujio, kwa friji, kwa pakiti inayokaa rafuni mwaka mzima. Hakuna dhambi katika chujio. Ila kipimo kilichokuwa kimebebwa na tunda kimehamia kwa aliyeshika jagi, na huyo mara nyingi hajui kwamba amekabidhiwa.

Vitabu vya dini vinavyosomwa Afrika Mashariki vina la kusema, na havianzi na katazo. Katika kitabu cha Mwanzo, ruhusa inatangulia: miti yote ya bustani, halafu mmoja tu unazuiwa. Qur'ani, katika Surat Al-Baqara aya ya 35, ina mpangilio huohuo: Adam na mkewe wanaambiwa wale kwa wasaa popote wapendapo, ndipo mti mmoja unatajwa. Ruhusa ni pana na katazo ni jembamba. Mzazi wa leo aliyetishwa na tarakimu hugeuza mpangilio huo. Kwake kila tunda lina hatia mpaka lithibitishwe vinginevyo, na bustani nzima inakuwa mti ule mmoja.

Kuna pia neno ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hulipita haraka. Katika Wagalatia sura ya 5, Paulo anapolieleza tunda la Roho, fadhila ya mwisho kwenye orodha imefasiriwa kwa neno kiasi. Kwa Kiswahili, basi, kiasi chenyewe kimo katika tunda. Huenda mfasiri hakukusudia mchezo wa maneno, lakini lugha imeucheza.

Waislamu wana neno israfu, na wengi huliona kama neno la wingi: kula sana, kutumia sana. Surat Al-An'am aya ya 141 inaliweka mahali pa kushangaza. Inataja bustani, mitende, mizaituni na mikomamanga; inaamuru matunda yaliwe yanapozaa; inaamuru haki yake itolewe siku ya kuvuna; ndipo inakataza israfu. Katazo limekaa ubavuni mwa haki ya mwingine. Maana yake ni kwamba israfu haipimwi kwa gramu zilizoingia mdomoni tu, bali pia kwa walichokosa wengine.

Na wapo waliokosa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, utafiti wa 2015 ulikuta asilimia 94 ya watu wazima hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku. Pera moja la uani, lile ambalo watoto hulichuma bichi kwa kukosa subira, lina vitamini C mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, na vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Katika nyumba ya hao waliokosa, kumtisha mtoto kwa sukari ya pera ni kumnyang'anya dawa kwa kuogopa kijiko. Si ajabu, kando ya barabara kuu, kumkuta mtoto anauza machungwa ya shambani kwao kwa abiria wa basi, kisha anakwenda dukani na sehemu ya chenji kununua soda.

Lakini hoja ya tunda lililokuja na kipimo chake ina ufa, na itakuwa udanganyifu kuuziba kwa plasta. Anayesema kwamba kila kilichoumbwa ni salama hajala vya kutosha.

Chukua tende. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende kavu ni sukari. Tende tatu kubwa za aina ya Medjool zina gramu 48 hivi, wakati chupa ya soda ya mililita 350 ina kama 37. Kama gramu peke yake ndiyo hakimu, mshtakiwa wa kwanza ni sahani ya futari, na sunna ya kufuturu kwa tende inafuata nyuma. Ila gramu si hakimu peke yake. Watafiti wa Falme za Kiarabu walipima aina tano za tende na kuchapisha matokeo mwaka 2011: kwa kipimo ambacho glukosi hupewa 100, tende zilipandisha sukari ya damu kwa 46 hadi 55 tu kwa watu wazima wenye afya, na kwa wenye kisukari matokeo yalikuwa karibu na hayo. Hata hivyo tende tatu kubwa kwa mtoto wa miaka mitatu ni nyingi, tena hung'ang'ania menoni. Sunna haikusema mtoto amalize pakiti.

Chukua pia Melbourne, Australia. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba bustani ya wanyama ya huko imeacha kuwapa baadhi ya wanyama wake matunda ya sokoni. Kima na panda wekundu walikuwa wananenepa na meno yanaoza, kwa sababu matunda yanayolimwa leo yamechaguliwa na wakulima, kizazi baada ya kizazi, yawe matamu kuliko ndugu zake wa porini. Embe lenyewe si mzaliwa wa pwani; lilitoka India, na yale makubwa yasiyo na ufumwele ni kazi ya miche ya kubebesha. Linalowekwa mezani leo ni nusu neema, nusu ufundi. Mtoto si panda, bila shaka: hali majani ya mwanzi, na hakuna mlinzi anayemletea ndoo ya matunda asubuhi na jioni. Lakini kisa hicho kinamnyima mtu haki ya kusema "Mungu ndiye aliyeliumba hivi" na kufunga mjadala.

Na ufa mkubwa kuliko yote uko Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar, India. Kwa miaka mingi, msimu wa laichi ulipofika, watoto waliolala wazima walikuwa wakiamka alfajiri na degedege, wengine wakizimia wasizinduke. Mwaka 2014 uchunguzi ulifuatilia wagonjwa 390 walioletwa katika hospitali mbili; 122 walikufa. Majibu yalichapishwa mwaka 2017. Laichi, tunda dogo tamu lenye ganda jekundu, lina sumu inayouzuia mwili kujitengenezea sukari wakati akiba ya ini imekwisha. Mtoto aliyeshiba chakula cha usiku anayo akiba. Aliyeshinda shambani akila laichi na kulala bila kula kitu kingine hana, hasa akiwa na utapiamlo. Sukari ya damu hushuka mpaka ubongo unazimika. Dawa ya kwanza hospitalini ilikuwa kumtia mgonjwa sukari haraka, na ushauri kwa wazazi ulikuwa kupunguza laichi na kuhakikisha hakuna mtoto anayelala na njaa.

Tunda tamu liliua kwa kukosesha sukari. Anayetaka kanuni moja inayotosha matunda yote na watoto wote, kisa hiki kinamvunjia meza. Hakikuwa kisa cha utamu uliozidi. Kilikuwa kisa cha sahani ya usiku iliyokuwa tupu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuwahi kusikia habari za fruktosi, lakini katika kitabu chake, Ihya, aliandika juu ya kumlea mtoto mambo ambayo wazazi wengi wa leo wangefaidika nayo kuliko jedwali la virutubisho. Kwake mtoto ni amana kwa wazazi wake, na tabia mbaya ya kwanza kumtawala ni uroho wa chakula. Tiba yake haiko katika orodha ya vilivyopigwa marufuku. Mtoto afundishwe kula kwa mkono wa kulia, kuanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kula kilicho mbele yake, kutokodolea macho chakula wala wanaokula, kutofanya haraka, na kutafuna vizuri. Mara nyingine apewe mkate mtupu, asije akadhani kitoweo ni lazima. Yote hayo yanahusu mkono, jicho na meno. Chakula chenyewe hakijashtakiwa. Na ile nasaha ya kutofanya haraka na kutafuna, ukiitazama vizuri, iko karibu na kile kilichopimwa Bristol kwa matufaha.

Hapa ndipo bibi wa barazani anapostahili jibu la heshima. Yeye, kwa maradhi yake, ana mpango aliopewa na daktari, naye aufuate. Wako pia watoto wenye hali zao: mwenye kisukari cha utotoni huhesabiwa matunda pamoja na insulini, na wapo wachache waliozaliwa miili yao haiwezi kuvunja fruktosi, hao tunda kwao ni hatari kweli. Mjukuu mzima wa afya si mmoja wao. Utafiti uliofuata wahudumu wa afya karibu 187,000 huko Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na beri za buluu, walipata kisukari cha ukubwani kwa uchache, na waliozidisha juisi walikipata zaidi. Hao walikuwa watu wazima, na kuandamana kwa mambo mawili si lazima moja lizae jingine. Lakini hakuna upande wa ushahidi unaolielekezea embe kidole.

Jagi ndilo lenye kesi. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa msimamo wao mwaka 2017: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asipite mililita 120 kwa siku, ambayo ni nusu kikombe, tena juisi halisi isiyotiwa kitu. Juisi ya ukwaju iliyotiwa vikombe viwili vya sukari ili isikwaruze, ubuyu uliovingirishwa kwenye shira nyekundu, maziwa ya embe ya pakiti ya kwenda nayo shule: hivi vimevaa nguo za matunda tu. Asali nayo, pamoja na sifa zake zote, haipewi mtoto kabla ya kutimiza mwaka, kwa hofu ya vijidudu vya botulizimu. Na embe la tatu? Linaweza kumharibia mtoto hamu ya wali wa mchana, na hiyo ni sababu halali ya kumwambia basi. Aambiwe hivyo, asiambiwe kwamba ameshika maradhi.

Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Abu Huraira kuhusu malimbuko ya Madina. Watu walipoona tunda la kwanza la msimu, walikuwa wakilichukua na kumpelekea Mtume. Naye alilipokea, akawaombea baraka katika matunda yao, katika mji wao, na katika vipimo vyao viwili, vile ambavyo masheikh wa pwani huvitaja kwa majina ya pishi na kibaba. Dua ilipokwisha, alimwita mtoto mdogo kuliko wote waliokuwapo, akampa lile tunda.